Riba ya Benki Kuu Yamfika Hata Asiyekopa



Ndugu Waislamu, kila baada ya miezi miwili hivi Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya hukutana Nairobi na kutangaza nambari moja. Jirani zetu wa Tanzania nao, tangu Januari 2024, waliacha kuongoza sera yao kwa kupima wingi wa fedha, wakashika njia hiyo ya nambari wakianza na asilimia 5.5. Nambari yenyewe ndiyo riba elekezi. Redio huitaja haraka haraka kabla ya habari za mpira, na wengi wetu misikitini huipuuza kwa hoja moja: sisi riba hatuli, basi yatuhusu nini? Hoja hii ina nia njema ndani yake, lakini twaiona haitoshi.

Riba elekezi siyo ile anayotozwa mwananchi dirishani. Ni ishara ambayo benki kuu huyapa mabenki juu ya bei ya fedha yanazokopeshana na yanazokopa kwake. Ikipanda, mabenki hupata fedha kwa gharama kubwa zaidi, nayo huwapandishia wateja. Wakopaji hupungua, manunuzi hupungua, na bei za bidhaa hutarajiwa kutulia. Ikishuka, mambo huenda kinyume chake. Wala kamati haipigi ramli. Hutazama viashiria: mfumko wa bei unaotangazwa na shirika la takwimu la taifa kila mwisho wa mwezi, thamani ya shilingi, akiba ya fedha za kigeni, kasi ya mikopo na ukuaji wa pato la taifa. Ila vingi katika viashiria hivyo hueleza yaliyokwisha kupita, ilhali uamuzi wa leo hufika sokoni baada ya miezi kadhaa. Ni mfano wa nahodha aongozaye chombo kwa kutazama povu lililobaki nyuma ya shetri.

Mwaka 2011 tuliyaona haya kwa macho yetu. Mwezi wa Januari mwaka huo riba elekezi ya Kenya ilishushwa hadi asilimia 5.75, na mfumko wa bei ulikuwa kama asilimia 5.4. Kisha mvua zikakosekana katika Pembe ya Afrika, mafuta yakapanda bei duniani, na vyakula, ambavyo wakati huo vilichukua zaidi ya theluthi ya kapu lililopimiwa bei, vikapaa. Mwezi baada ya mwezi mfumko uliongezeka. Mikopo nayo ilikuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Hata hivyo, mwezi wa Septemba riba elekezi ilikuwa imefika asilimia 7 tu, hali bei zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 17. Mwenye kupata fedha kwa bei hiyo na kuzigeuza dola alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Mwezi wa Oktoba dola moja ikafika shilingi 107.

Hapo ndipo kamati ilipozinduka: asilimia 11 mwezi wa Oktoba, 16.5 Novemba, 18 Desemba. Mfumko ulifika kilele cha asilimia 19.72 mwezi wa Novemba, ukaanza kuteremka, na Julai 2012 ulikuwa chini ya asilimia 8. Shilingi nayo ilipata nguvu upesi. Kwa hiyo hatusemi kwamba dawa haikufanya kazi. Tunasema ilichelewa, na kwa kuchelewa ikabidi iwe kali, na ukali ule haukuwaangukia waliochelewa. Riba za mikopo mabenkini zilifika wastani wa asilimia 20. Mwenye duka aliyekopa kwa masharti ya riba inayobadilika aliletewa barua ya nyongeza. Mpangaji aliongezewa kodi na mwenye nyumba aliyekuwa akilipa mkopo. Kibarua wa ujenzi alikuta kazi imesimama. Hawa wawili wa mwisho huenda hawakukopa hata senti moja.

Je, aliyenunua kwa murabaha? Hapa pana jambo la kuelewa vyema. Katika murabaha benki hununua kitu, kisha humuuzia mteja kwa gharama iliyotajwa pamoja na faida iliyotajwa, na bei ikishakubaliwa haipandi tena. Aliyefunga mkataba wa namna hiyo kabla ya Oktoba 2011 hakustahili kuongezewa kitu, hata riba elekezi ingefika asilimia 50. Huo ni ulinzi wa kweli. Lakini anayekuja baadaye, kwa benki inayopimia faida yake kwenye riba ya soko, hukuta faida imepanda pamoja na riba hiyo.

Kwa sababu hiyo baadhi ya ndugu zetu husema hakuna tofauti yoyote ila jina. Mufti Taqi Usmani wa Pakistani alilijibu jambo hili: kutumia kiwango cha riba kama kipimo tu hakuiharamishi biashara iliyotimiza masharti yake, sawa na muuza vinywaji vya halali anayekusudia faida ileile ya muuza pombe. Lakini hakuishia hapo. Alieleza pia kwamba hali hiyo si ya kuridhisha, na kwamba mabenki ya Kiislamu yanapaswa kujitafutia kipimo chao. Sehemu ya kwanza ya kauli yake imekuwa ikinukuliwa sana. Ya pili twaisikia kwa nadra.

Basi tunaomba mambo mawili. Kabla ya kutia sahihi, muulizeni afisa wa benki faida yake ameipimia kwa kipimo gani, bidhaa imemilikiwa na benki lini, na kama kuna kifungu chochote kinachoruhusu bei kubadilika. Nayo mabenki yaandike kipimo hicho waziwazi katika mkataba, kwa Kiswahili. Masheikh wanaokaa katika bodi za kuyasimamia tunaswali nao safu moja, na swali laweza kuulizwa hapo hapo msikitini, Ijumaa baada ya swala.