Mkuu Asiyesikia, Guu Linavunjika la Nani?

Wasee, leo tuongee kuhusu Gettysburg. Ukitafuta video za vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, utakutana na sura moja kila mahali: Robert E. Lee, ndevu nyeupe, juu ya farasi, na muziki wa huzuni chini yake. Huyo ndiye "jenerali bora". Aliyemshinda, George Meade, wengi hata jina hawalijui. Mimi hapo nakataa.

Najua kuna mtu ataandika kwa maoni, "Wewe uliacha chuo, majenerali unawajulia wapi?" Sawa bro. Vitabu haviulizi cheti mlangoni. Tuendelee.

Hesabu kwanza. Vita vilipiganwa tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, kwa mji mdogo wa Pennsylvania. Lee alikuwa na jeshi la Kusini la Northern Virginia, watu kama 75,000, na walikuwa wametoka kushinda Fredericksburg na Chancellorsville. Meade alikuwa na Jeshi la Potomac la Kaskazini, watu kama 90,000, lakini hilo jeshi lilikuwa linabadilishiwa makamanda kama soksi: McClellan akatolewa, Burnside akatolewa, Hooker akaondoka, yote ndani ya mwaka mmoja. Meade alipewa kazi tarehe 28 Juni. Siku tatu kabla ya vita! Mjumbe alipomwamsha usiku, jamaa alidhani wamekuja kumkamata.

Kwa hivyo huku kuna bosi ambaye jeshi lake linamwona kama nabii, kule kuna bosi mgeni ambaye hata hajazoea meza yake. Ungeweka pesa yako kwa nani?

Siku ya kwanza Kusini walishinda. Waliwafukuza Kaskazini kupitia katikati ya mji mpaka vilima vya upande wa pili. Meade hakuwa amefika. Alimtuma Jenerali Hancock akaangalie kama hapo mahali panafaa kupigania, ingawa palikuwa na jenerali mwingine aliyemzidi Hancock kwa cheo. Hancock akasema panafaa. Meade akaleta jeshi lote. Kumbuka hiyo: aliamini macho ya mtu wake.

Siku ya pili karibu mambo yaharibike. Jenerali Sickles, wa upande wa Meade, alisogeza kikosi chake mbele bila ruhusa, akaacha pengo. Sisi tumelelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sickles ilimpata sawasawa: tufe la mzinga lilimponda mguu wa kulia, ukakatwa jioni hiyo hiyo. Maelfu ya wenzake waliumia kuziba pengo lake. Kwa hivyo sisemi kila mtu afanye anavyotaka. Sickles hakumwambia mkuu wake "hapana" usoni, alijiendea tu.

Usiku huo Meade aliita majenerali wake kwa kijumba kimoja cha shamba. Chumba kidogo, watu wamechoka, wengine wamejeruhiwa. Akawauliza: tubaki au tuondoke? Tukibaki, tushambulie au tungoje? Tungoje mpaka lini? Wakapiga kura, mmoja mmoja. Wakasema tubaki, tungoje. Meade akakubali, na akamwambia Jenerali Gibbon kwamba Lee akija kesho, atakuja katikati, pale kwa kikosi chako.

Na Lee akaja katikati.

Sasa nenda upande wa pili. Longstreet, jenerali mkubwa kabisa chini ya Lee, alimwambia usoni kwamba hilo shambulizi haliwezekani. Kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, alisema hakuna watu 15,000 popote ambao wangeweza kuchukua hicho kilima. Alitaka wazunguke, watafute mahali pazuri, wamwache Meade ndiye ashambulie. Lee alimsikia, lakini hakumsikiliza. Akaonyesha kilima, akasema adui yuko pale.

Mchana wa tarehe 3, karibu watu 12,500 walitoka msituni wakavuka uwanja wazi, zaidi ya kilomita moja, mizinga ikiwangoja mbele. Pickett alipomuuliza Longstreet kama aanze, Longstreet hakuweza hata kutoa sauti. Aliinamisha kichwa tu. Ndani ya kama saa moja, zaidi ya nusu ya hao watu walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametekwa.

Hao ndio walivunjika guu. Mkuu hakusikia, na guu lililovunjika ni la kijana wa shamba kutoka Virginia na North Carolina. Lee mwenyewe alirudi nyumbani mzima. Ni kweli aliwaambia waliorudi kwamba kosa ni lake, na mwezi uliofuata akaomba kujiuzulu. Rais wa Kusini, Jefferson Davis, akakataa. Unaona vile mfumo unafanya kazi?

Halafu tusisahau walikuwa wanapigania nini. Jeshi la Lee likiwa Pennsylvania lilikamata watu weusi, wakiwemo waliozaliwa huru, likawapeleka Kusini utumwani. Hiyo haiwekwi kwa video zenye muziki wa huzuni. Kwa hao watu, Meade kushinda halikuwa jambo la kubishania mtandaoni.

Mtaniambia Meade alimwacha Lee akatoroka. Ni kweli, Lee alivuka mto Potomac katikati ya Julai, na Lincoln alikasirika mpaka akamwandikia Meade barua kali, ingawa hakuituma. Lakini Meade alikuwa amepoteza watu kama 23,000 waliokufa, kujeruhiwa au kupotea, na wengi wa makamanda wake aliowategemea walikuwa chini. Mlaumu kwa hilo ukitaka. Kazi aliyopewa siku tano kabla alikuwa ameifanya.

Kinachoniuma zaidi ni kilichompata Longstreet. Baada ya vita, marafiki wa Lee kama Jubal Early waliandika historia upya, wakasema Gettysburg ilipotea kwa sababu Longstreet alichelewa na hakuwa na moyo. Kosa lake lingine ni kwamba alijiunga na chama cha Lincoln. Lee akajengewa sanamu kubwa Richmond mwaka 1890, ikasimama mpaka 2021. Longstreet alipata yake pale Gettysburg mwaka 1998, miaka 135 baadaye.

Ndiyo maana siwezi kutengeneza video ya kumsifu Lee, hata kama ingepata watazamaji. Kila tunapomsifu mkubwa asiyeambiliki tukimwita jasiri, tunamfundisha Longstreet wa kesho anyamaze. Awe kwa chama, kwa ofisi ama kwa serikali, mwenye kusema "mkuu, hapa tutaumia" ataangalia vile wenzake waliishia, ameze mate, ainamishe kichwa. Na wengine watavuka uwanja.