Mdaiwa anapoanza kuficha mali: sheria inasema nini?

Katika makanisa yetu ya mashariki habari hii inajulikana. Ndugu amemkopesha mwenzake dola elfu tatu za biashara. Siku ya kulipa imepita. Kisha majirani wanamwambia: fulani ameuza pikipiki, duka amelihamishia kwa jina la shemeji, sasa anatafuta mnunuzi wa parseli. Kesi ikija kwisha baada ya mwaka, hukumu itakuwa karatasi tu. Hakutakuwa na cha kukamata.

Hapo wengi hukimbilia askari. Wanatoa kitu kidogo, mdaiwa anafungwa, au vijana wanaingia kwake na kubeba viti na televisheni. Tuseme wazi: hiyo si sheria. Nchi yetu imekubali mkataba wa kimataifa unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Lakini si kweli pia kwamba mdai hana njia ila kungoja.

Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Moja ya sheria zake, ya 1998, iliyorekebishwa Kinshasa mwaka 2023, inatoa njia iitwayo mahakamani saisie conservatoire. Mdai anamwandikia jaji wa mahali mdaiwa anapokaa. Anaonyesha mambo mawili: kwamba deni lina msingi, na kwamba kuna dalili za kweli kuwa malipo yako hatarini. Jaji anaweza kutoa amri bila kumwita mdaiwa kwanza, maana akiitwa atapata nafasi ya kuficha. Huissier wa mahakama anaandika orodha ya vitu, au anafunga fedha za benki kwa kiasi cha deni. Vitu vinabaki kwa mdaiwa, ila hawezi kuviuza wala kuvitoa. Kwa nyumba na parseli kuna utaratibu mwingine, wa kuandikisha deni kwenye hati ya ardhi.

Matajiri wanaijua njia ya namna hii. Mwaka 2008 kampuni ya Marekani, FG Hemisphere, iliyokuwa imenunua deni la zamani la umeme la nchi yetu, iliomba mahakama ya Hong Kong izuie dola milioni 102 ambazo kampuni za Kichina zilipaswa kuilipa Kongo kwa ajili ya madini. Mwaka 2011 ilishindwa, kwa sababu ya kinga ya dola. Lakini tazameni: mwenye fedha alikimbia mahakamani mapema, hata ng'ambo. Mjane wa likelemba hajui kwamba mlango huo upo pia mjini kwake.

Mlango huo una masharti. Amri si hukumu, wala haimpi mdai mali. Sheria ya 1998 ilimtaka afungue kesi yenyewe katika mwezi mmoja, la sivyo amri inaanguka. Mdaiwa naye ana haki ya kuja kwa jaji kuomba iondolewe. Na tukubali: gharama za wakili na huissier zinaweza kumeza deni dogo. Tena tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwaka 2025, benki zilifungwa na kazi ya mahakama ikavurugika. Penye hali hiyo, kinga ya kwanza ni karatasi: kiasi, siku ya kulipa, sahihi, mashahidi wawili. Bila hiyo hata jaji mwema hana pa kushika.

Kumbukumbu la Torati 24 linamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje. Sisi tunaona hekima moja hapo: mdai asiwe jaji wa kesi yake mwenyewe. Na Matendo 5 linatukumbusha Anania na Safira, walioficha sehemu ya bei ya shamba.

Basi wazee wa kanisa, mnapopatanisha ndugu wawili juu ya deni, msimwambie mdai avumilie tu huku mwenzake akiuza vitu usiku. Mwulizeni mdaiwa mbele ya wote: mali iko wapi? Akikataa kujibu, mwacheni ndugu aende kwa jaji, na asiitwe mkosa imani.