Hukumu ya 1979 Isisomwe Nusu

Mjadala kuhusu makazi ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi ukipamba moto, hakosi mtu wa kuitaja hukumu ya Elon Moreh kama ushahidi kwamba mkulima wa Kipalestina alipata haki mbele ya Mahakama Kuu ya Israel. Usomaji huo umenichosha, na ndio ulionisukuma kuliandaa toleo hili kuhusu makazi hayo.

Ni kweli, wanakijiji 17 wa Rujeib, karibu na Nablus, walishinda. Juni 1979 jeshi lilitwaa mashamba yao kwa hoja ya usalama, ili yajengwe makazi ya walowezi ya Elon Moreh. Haim Bar-Lev, mkuu wa majeshi mstaafu, alikula kiapo kwamba usalama haukuyahitaji makazi hayo. Walowezi nao walikiri kwamba kilichowapeleka pale ni amri ya Mungu. Oktoba 22 majaji waliamuru ardhi irudishwe.

Wengi hulifunga jalada hapo, na hapo ndipo linapopaswa kufunguliwa. Mwezi uliofuata serikali iliamua kujenga kwenye "ardhi ya serikali", na wanasheria wake wakaifufua sheria ya ardhi ya Milki ya Uthmania ya 1858, inayoruhusu shamba lisilolimwa kwa miaka mitatu kurejea serikalini. Mkulima wa milimani, ambaye miamba haimruhusu kulima kila kipande, angejiteteaje? Jeshi lilikuwa limesimamisha usajili wa ardhi tangu 1968, wakati ni takriban theluthi moja tu ya eneo iliyokuwa imesajiliwa. Mzigo wa kuthibitisha akatwishwa asiye na hati. Mamia ya maelfu ya dunamu yalikwenda kwa njia hiyo. Walowezi wa Elon Moreh walihamia Jabal al-Kabir, juu ya vijiji vya Deir al-Hatab, Azmut na Salim, na wako huko hadi leo.

Katika toleo hili, makala kuhusu makazi ya Ofra, yaliyoanza 1975 kama kambi ya wafanyakazi, inaonyesha kwamba hata hati haikutosha: sehemu kubwa ya nyumba zake zimejengwa kwenye viwanja vilivyosajiliwa kwa majina ya Wapalestina. Ile ya makazi ya Kfar Etzion inayaeleza vizuri maafa yaliyoyakumba 1948, ila inaupita haraka mno waraka wa Septemba 1967 wa Theodor Meron, mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Israel, ulioionya serikali kwamba kuhamishia raia katika ardhi iliyokaliwa kunakiuka Mkataba wa Nne wa Geneva.

Simulizi za waasisi wa makazi tunazo za kutosha. Atakayetuandikia tena na aanze na daftari la ardhi la kijiji.