Beringi imepona, taa imewaka: nani mchawi?

Leo tunaingia gereji. Akina dada msigeuze ukurasa, maana siku hizi nanyi mnaendesha, na wengi wenu mmeshalizwa na hili ninalotaka kulisema.

Gari lina tatizo moja. Unalipeleka kwa fundi, analitibu, unatoa mshiko, unaondoka unapiga mluzi. Hujafika hata kituo cha pili, dashibodi inakuwashia taa ambayo asubuhi haikuwepo. Na taa yenyewe haihusiani kabisa na ulichotengeneza! Umeenda kushona makava ya siti, inawaka taa ya eabegi. Umebadilisha eya klina, inawaka taa ya injini. Umeweka betri mpya, redio imenuna na inakudai namba za siri kwa Kijapani. Hapo ndipo urafiki wa miaka mitatu na fundi wako unapovunjika kwa dakika tatu.

Mwenye gari anasema, "Kaninyofolea spea huyu, kaniwekea kimeo." Fundi naye ana jibu lake, lilelile kutoka Gerezani hadi Sirari: "Bosi, hiyo taa ilikuwepo, hukuiangalia tu." Kila mmoja anaapa kwa mama yake.

Mimi nina msimamo wangu na sitetereki. Taa iliyowaka baada ya matengenezo, kabla hujaanza kutafuta mchawi, fuata mkono wa fundi ulipopita. Chini ya siti za mbele za magari mengi kuna plagi ya rangi ya njano. Njano ndiyo rangi waliyopewa nyaya za eabegi, ili mtu ajue hapo si pa kuchezea. Mshonaji anachomoa siti, anachomoa na plagi, halafu kijana wa gereji anafungua swichi ili asikilize muziki. Kwisha kazi! Kompyuta imeshaandika kwamba eabegi haionekani, na katika magari mengi hata ukirudisha plagi taa haizimiki mpaka ifutwe kwa mashine. Eya klina nayo, jirani yake kabisa mara nyingi kuna sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini, na plagi yake ni rahisi kusahaulika. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Kuna mtu alikuwa na haraka.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Mwaka jana nilikuwa Nyanungu, nyumbani kwa wajomba zangu. Kwa wale mnaodhani Tanzania inaishia Kibaha, Nyanungu ni kata ya wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, jirani na mpaka wa Kenya na jirani na Hifadhi ya Serengeti. Mvua ikinyesha kule, barabara inakuwa sabuni.

Kaka yangu, mtoto wa mjomba, ana Toyota Probox, ile gari Wajapani waliyoitoa mwaka 2002 kwa ajili ya kusambazia bidhaa za maduka, sie huku tukaigeuza daladala, gari la mazao na gari la wagonjwa. Lake lilikuwa linalia kama ndege inayotaka kuruka, mguu wa mbele kulia. Beringi. Akalipeleka gereji moja pale Tarime mjini (jina nalihifadhi), ikabadilishwa, kelele zikaisha. Anarudi Nyanungu, kabla hajafika Nyamwaga, taa ya njano ikawaka imeandikwa ABS.

Jioni ile nyumbani palikuwa na kikao utadhani bunge. Mjomba mkubwa alisema kuna jirani mwenye kijicho tangu gari linunuliwe. Shangazi akasema tuliombee. Kaka mwenyewe hakutaka kusikia habari za jirani wala maombi. Alishaamua kwamba ameibiwa, kwa sababu beringi ni chuma na ABS ni umeme, sasa chuma kimeingiaje kwenye umeme? Gari lenyewe lilikuwa na mkopo. Akawaambia wadogo zake wawili wajiandae, alfajiri wanateremka Tarime, na kila mtu aje na fimbo yake. Nilimtazama nikaona hatanii.

Sasa msomaji sikiliza jinsi chuma kinavyoingia kwenye umeme. Kwenye kila gurudumu la gari lenye ABS kuna sensa ndogo tu, inayohesabu mizunguko ya gurudumu. Imekaa palepale kwenye kitovu, pua na mdomo na beringi. Kompyuta inalinganisha magurudumu yote manne. Ukikanyaga breki ya ghafla na gurudumu moja likaganda wakati gari bado linakwenda, kompyuta inalilegezea breki na kulibana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili usukani uendelee kukutii. Bosch na Mercedes-Benz ndio waliouingiza sokoni ufundi huu wa kielektroniki mwaka 1978. Na beringi ya mbele kwenye gari kama lile huwezi kuitoa bila kuigusa ile sensa au waya wake. Waya ukilegea, kompyuta inakosa habari za mguu mmoja. Haibahatishi. Inaizima ABS nzima na kukuwashia taa ya njano, maana yake breki za kawaida unazo, lakini ule msaada wa ziada huna.

Nilimweleza kaka yote haya. Akaniambia, "Wewe wa Dar, lala."

Saa tano usiku mlango uligongwa kwa nguvu. "Mura, amka! Amka, mke wangu!" Alikuwa kijana wa nyumba ya tatu, mkewe uchungu umemshika na mvua inanyesha. Usafiri mwingine uliokuwepo ni bodaboda. Jamani, mama mwenye uchungu, usiku, mvua, kwenye bodaboda? Wote tukageuka kutazama Probox, na Probox na taa yake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuzijua taa za gari si maringo ya watu wa mjini. Nilimwomba kaka afungue swichi, awashe injini, tutazame pamoja. Njano ya ABS iko. Nyekundu ya breki, ile ya duara lenye alama ya mshangao, haipo. Hiyo nyekundu ingekuwa imewaka pamoja na njano huku hendibreki imeshushwa, mimi ningesema gari lisitoke, tutafute njia nyingine, maana hapo hata breki zenyewe huna uhakika nazo. Tukafungua boneti, tukamulika kwa simu, mafuta ya breki yako kati ya mistari miwili. Kaka akalisogeza gari pale uwanjani taratibu, akakanyaga breki mara tatu. Pedeli ngumu, gari linasimama halivuti upande.

Tukaondoka. Mwendo wa maharusi. Kwenye miteremko alishuka na gia ndogo na hakuthubutu kukanyaga breki kwa pupa, kwa sababu bila ABS kwenye tope tairi zikiganda, usukani unakuwa pambo tu. Nyuma walijazana akina mama wanne na mgonjwa wao, kila mmoja anatoa amri kwa dereva. Hospitali ya Nyamwaga tulifika salama. Saa kumi na moja alfajiri akazaliwa mtoto wa kike. Nilipendekeza aitwe Probox, wakanitazama vibaya.

Uzuri ni kwamba wale wadogo wenye fimbo walikosa nafasi kwenye gari, wakabaki Nyanungu. Kulipokucha tukanyoosha Tarime watu wawili tu, na kaka kidogo usingizi na furaha ya mtoto vilikuwa vimemlainisha. Kidogo tu. Fundi alipotuona, kabla hata hatujamsalimia: "Bosi, hiyo taa ilikuwepo." Nikamshika kaka mkono.

Msaidizi wake akatoa wazo lake la kishujaa: "Tuitoe balbu, bosi, haitakusumbua tena." Wasomaji, hili ndilo linaloniudhi kuliko yote! Fundi anayezima taa badala ya kuondoa ugonjwa hana tofauti na mtu anayemziba mdomo mtoto anayelia njaa. Na wako wengi. Wengine wanabandika gundi nyeusi juu ya taa, wengine wanaunganisha waya wa taa moja na nyingine ili zizimike pamoja mnunuzi asishtuke. Ukienda kununua gari la mkononi, fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa za hatari zinatakiwa ziwake kwanza, ndipo zizimike, nyingine baada ya sekunde chache, nyingine injini ikishawaka. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa.

Turudi gereji. Balbu haikutolewa. Gari likapigwa jeki, tairi likatoka, na hakikuhitajika chombo chochote cha ajabu. Plagi ya sensa ilikuwa imeingia nusu, haikusukumwa mpaka ikalia "ka". Na waya haukurudishwa kwenye kishikizo chake, ukawa unaning'inia na kusuguana na tairi kila usukani ukikatwa. Ngozi ya waya ilikuwa imeanza kuchubuka. Siku mbili zaidi ungekatika kabisa. Beringi mpya ilikuwa ndani, tena mpya kweli. Hakuna kilichoibiwa.

Fundi alinyamaza kidogo. Halafu akasema jana yake alimaliza gari lile saa mbili usiku, tochi iko mdomoni, na lilikuwa gari la sita. Waya ukafungwa vizuri, plagi ikalia "ka", gari likazungushwa mtaa mmoja, taa ikazimika. Hakudai hata senti. Kaka alitoka pale hana neno. Kule nyumbani fimbo mbili zilikuwa zinamngoja bado.

Wengine mtasema, mbona sasa kuna mashine? Ni kweli, mafundi umeme wengi wanayo, inachomekwa kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Marekani walilazimisha mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kwa magari yote madogo mapya tangu mwaka 1996, Ulaya wakafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, na ndiyo maana leo kijana wa Ilala akiwa na mashine ndogo ya mkononi anasoma magari ya kila aina. Lakini mashine inakutajia panapolia, haikutajii kwa nini. Ile Probox ingeandikiwa "sensa ya gurudumu la mbele kulia", na kuna fundi angekuuzia sensa nzima hapohapo, kumbe ni plagi ya kusukuma kwa kidole. Mwingine anafuta tu maandishi, taa inazimika, anachukua chake, kesho inarudi. Mwambie kwanza afungue pale alipofungua jana.

Na mkiona birika jekundu la oili limewaka, njooni mnilaumu baadaye, kwanza zimeni injini palepale, hata kama mmetoka kufanyiwa sevisi nusu saa iliyopita. Hasa kama mmetoka kufanyiwa sevisi nusu saa iliyopita.

Nilipompigia kaka simu mwezi uliopita aliniambia yule fundi amenunua daftari. Gari likiingia, kabla hajagusa boneti, anamkalisha mwenye gari kwenye usukani, wanafungua swichi wote wawili, na kila taa iliyobaki inawaka anaiandika, mteja anatia sahihi. Likitoka wanarudia. Tayari wateja wawili waliokuja juu wakidai taa imeletwa na gereji wameonyeshwa sahihi zao.