Mtabiri wa Mvua Awe Mwalimu

Wakati wa masika ya mwaka 1917, vita vya Mwingereza na Mjerumani vilipokuwa vimefika Rufiji na kingo za Kilombero, mvua ilinyesha kwa wingi hata mito ikafurika, njia zikakatika, wapagazi wakafa kwa njaa na maradhi, na majemadari wa pande zote mbili wakabaki wakingoja ardhi ikauke. Na Mahenge, ngome ya Mjerumani katika milima iliyo ng'ambo ya Ifakara, haikutwaliwa na Wabelgiji ila mwezi wa Oktoba. Wakubwa wa majeshi walijifunza kwa gharama kubwa kwamba elimu ya hali ya hewa ni silaha, na katika vita vilivyofuata wataalamu wa elimu hiyo walivikwa sare na kupewa vyeo. Nawataja wawili miongoni mwao, kwa kuwa naona maisha yao yanaithibitisha hoja niliyo nayo juu ya bonde letu la Kilombero, nayo ni kwamba mtabiri wa mvua asiyefundisha ameifanya nusu tu ya kazi yake.

Wa kwanza ni James Stagg, Mskoti aliyesomesha sayansi katika shule moja ya Edinburgh kabla ya kuingia Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza mwaka 1924. Miaka 20 baadaye, akiwa na cheo cha jeshi la anga kilicholingana na kanali, ndiye aliyesimama mbele ya Jemadari Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Washirika, kumweleza kama bahari ingepitika kwenda Ufaransa. Nyuma yake yalikuwako makundi matatu ya watabiri, ambayo aghalabu hayakuafikiana. Na Stagg, ambaye hakuwa na yakini zaidi yao, ilimlazimu atoe katika mabishano yale kauli moja ambayo mtu asiyejua kusoma ramani ya hewa angeweza kuamulia jambo. Safari iliyokusudiwa tarehe 5 Juni 1944 ikaahirishwa kwa siku moja, kisha Stagg akaonyesha kwamba dhoruba ingetulia kwa muda mfupi, na tarehe 6 majeshi yakavuka. Sioni mpiga ramli katika kazi ile. Namwona mwalimu aliyezoea kumpima msikilizaji wake, akasema lijulikanalo, na kiasi cha shaka iliyobaki.

Wa pili, Edward Lorenz, Mmarekani aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1917, alikuwa mtabiri wa jeshi la anga katika Bahari ya Pasifiki, na vita vilipokwisha akafundisha katika chuo cha MIT. Huko, mwaka 1961, aliingiza katika kompyuta yake tarakimu 0.506 badala ya 0.506127, akaona hewa ya mfano wake ikienda njia nyingine kabisa baada ya muda. Kosa dogo la mwanzo hukua likageuza yote, na watu hawatalijua hilo wasipofundishwa. Hivyo mtabiri anaposema "huenda", asidhaniwe kuwa anakwepa lawama.

Sasa na tuje Ifakara. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina wataalamu wanaostahili kusifiwa, na ina chuo chake Kigoma. Mwaka 2023 ilitangaza mapema kuwa El Niño ingezidisha mvua, na mvua zikaja, hata ilipofika Aprili 2024 bonde la Kilombero na Rufiji likawa chini ya maji. Lakini msikilize mkulima wa Mang'ula anapofungua redio. Anaambiwa kwamba kaskazini mwa Morogoro kuna vuli na masika, na kwamba kusini mwa Morogoro kuna msimu mmoja, wa Novemba hadi Aprili. Yeye ni wa wapi? Akivuka mtihani huo, anaambiwa mvua zitakuwa "za wastani hadi juu ya wastani", ilhali hakuna aliyepata kumwonyesha wastani wa mahali pake ni milimita ngapi, wala kipimamvua kinasomwaje. Fauka ya hayo, maji yatakayozamisha mpunga wake aghalabu hayashuki kutoka mawingu yaliyo juu ya dungu lake la kuamia ndege. Yanateremka na Ruhudji na Mnyera kutoka nyanda za Njombe, na kwa mito mingine kutoka Udzungwa. Mtu wa bondeni anayesikiliza habari za Morogoro peke yake hajasikia habari za huko maji yake yanakotoka.

Wako watakaosema kwamba ujumbe wa simu umekwisha kuliondoa tatizo hilo. Simu hupeleka habari upesi, na nasema hivyo bila kejeli, lakini haiulizwi swali. Wako pia wanaodai kwamba wazee wana dalili zao za pepo na miti. Wanazo, na mtabiri mwenye adabu angezisikiliza kabla ya kufungua karatasi zake.

Ninaloliomba si kubwa. Kufundisha watu wazima liwe somo la lazima huko Kigoma. Na kila mwaka, kabla mbegu ya mpunga wa Supa haijaingia ardhini, maafisa wa hali ya hewa waketi na mabwana shamba na watendaji wa vijiji wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga, wafungue utabiri wa Njombe na Iringa pamoja na wa kwetu, na waulizwe maswali hadharani, likiwamo lile la kwa nini mwaka uliopita walikosea. Shule zilizo kandokando ya bonde zipewe vipimamvua, na watoto waandike daftari la kila siku asubuhi saa tatu. Takriban asilimia 62 ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na huko chini pana bwawa la umeme ambalo taifa zima linalitegemea. Hivyo Serikali ikitafuta fungu la kulipia nauli na posho za maafisa hao, na ianze kuuliza kwa wenye mitambo.