Mtoto Mwenye Mdomo wa Sungura



Maudhui tuliyoyaahidi mwezi uliopita tumeyaweka kando, kwani imetufikia barua ya bibi mmoja akaaye Nguvumali, mjini Tanga. Mjukuu wake, mtoto wa kiume wa siku 19, amezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka upande wa kushoto hadi puani. Akinyonyeshwa, maziwa humtoka puani. Usiku hulia, na tangu siku ya aqiqa amekonda. Bibi atuuliza mambo matatu. Kosa ni la nani, maana upande wa mume wameanza kusema maneno mazito juu ya mkaza mwana wao? Je, mtoto akatwe kimeo, kama wazee wanavyoshauri? Na je, mdomo huo waweza kuungwa?

Tumemjibu kwa simu siku ile ile, maana mtoto wa siku 19 hawezi kungojea gazeti la mwezi. Lakini swali lake ni la nyumba nyingi, nasi kwa idhini yake twalijibu tena hapa, khasa kwa ajili ya zile nyumba ambazo mtoto wa namna hii hufichwa chumbani hata jirani asijue kwamba pana mzazi.

Bibi yetu ameanza na kosa. Sisi twaanza na tumbo la mtoto.

Maziwa yatokayo puani ni khabari kubwa kuliko mdomo wenyewe. Yatuambia kwamba mpasuko haukuishia mdomoni, bali umeingia ndani mpaka kaakaa, yaani paa la kinywa linalotenga njia ya chakula na njia ya pua. Mtoto hunyonya kwa kuvuta. Naye hawezi kuvuta ikiwa kinywa chake kina tundu juu, kama vile mtu asivyoweza kuvuta maji kwa mrija uliotoboka. Hupeleka ulimi, hutoa jasho, humeza hewa, na mama hudhani mwanawe ameshiba kwa kuwa amekaa titini saa nzima. Kumbe amelala kwa kuchoka.

Basi mtoto akizaliwa, awe mdomo wake ni mzima au umepasuka, aliyemzalisha na atazame ndani. Anawe mikono, apitishe kidole taratibu juu ya kaakaa kutoka ufizi wa mbele kwenda nyuma, kisha amulike kwa tochi. Wako watoto wenye mdomo mzuri kabisa ambao kaakaa lao limepasuka, wala hapana ajuaye mpaka wiki kadhaa zimepita.

Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo tu aghalabu huweza kunyonya, mama akiliziba pengo kwa titi lenyewe. Mwenye mpasuko wa kaakaa akamuliwe maziwa ya mamaye katika kikombe safi. Apakatwe karibu na kuwa wima, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, kidogo kidogo, maziwa yakielekezwa upande wa shavu. Apumzishwe mara kwa mara na kuegemezwa begani ili atoe ile hewa aliyoimeza. Mlo mmoja usipite nusu saa, kwani akichoka hupoteza nguvu nyingi kuliko apatazo. Tena apimwe uzito kila wiki, na uandikwe katika kadi ya kliniki. Tutaona punde kwa nini namba ile ndiyo itakayomfungulia mlango wa chumba cha upasuaji.

Wataalamu wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwahesabu wagonjwa 240 wenye mipasuko hii waliofika huko kati ya mwaka 2004 na 2009. Upande wa kushoto ulizidi ule wa kulia, kama ulivyo kwa mjukuu huyu. Lakini waliona jambo jingine: wengi walikuwa na mpasuko wa mdomo peke yake. Katika hesabu za Ulaya na Asia haiwi hivyo. Huko mipasuko inayogusa kaakaa ndiyo iliyo mingi. Je, watu wa Afrika wameumbwa namna nyingine? Huenda ikawa hivyo kwa sehemu. Hata hivyo, jirani zetu wa Uganda wana shaka nyingine. Mwaka 2012 daktari Andrew Hodges, aliyewapasua watoto wengi wa nchi ile, pamoja na mwenzake, waliuliza katika jarida la madaktari wa fani hii: hayo makaakaa yaliyopasuka yamekwenda wapi? Walishuku kwamba watoto hao huzaliwa kama wanavyozaliwa kwingineko, ila wengi hufa kwa njaa na maradhi kabla hawajafikishwa kwa daktari. Na afapo mtoto mchanga kijijini husemwa alikuwa na homa, au tumbo, au jicho la watu. Hapana aandikaye kwamba alikufa kwa kukosa kuvuta maziwa.

Kwa maoni yetu shaka hiyo yapasa kuogopwa kuliko namba yo yote. Mpasuko wa mdomo huwatisha watu nao hauui. Ule usioonekana ndio unaoua, na dawa yake ya kwanza ni kikombe na kijiko.

Sasa kosa ni la nani? La mkaza mwana silo. Uso wa mtoto hujengwa tumboni kwa vipande vinavyokuja kutoka kushoto na kulia vikakutana katikati. Mdomo hukutana kama katika wiki ya sita au ya saba ya mimba, kaakaa hufuata hadi kama wiki ya kumi na mbili. Pande mbili zisipokutana kwa wakati wake, pengo hubaki. Wakati huo wanawake wengi ndio kwanza wanaanza kujua kwamba wana mimba. Hapo hapana nafasi ya kumcheka kilema, wala ya uchawi wa jirani. Katika nchi nyingine watu hudai kwamba mama alitoka nje wakati wa kupatwa kwa jua. Msiba wa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), ulipoangukia siku ya kupatwa kwa jua, Mtume mwenyewe aliwakataza watu kuyafunga mambo hayo mawili pamoja, basi ajabu ni kuona Mwislamu akiyafunga leo juu ya mzazi mwenye uchungu.

Yajulikanayo ni haya. Sehemu moja ni urithi, nao huweza kutoka kwa baba kama utokavyo kwa mama. Mwaka 2019 kundi la wataalamu, akiwamo Azeez Butali wa Nigeria, lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu wa Ghana, Ethiopia na Nigeria, wakapata sehemu mpya zinazohusiana na mpasuko wa kaakaa, ambazo uchunguzi wa Wazungu haukuwa umezionyesha. Sehemu nyingine ni mambo ya mimba: tumbaku, pombe, baadhi ya dawa za kifafa, kisukari kisichotunzwa, na upungufu wa foliki asidi, ambayo hupatikana katika mboga za majani, kunde, na vidonge wapewavyo wajawazito kliniki. Mwenye kifafa asiache dawa kwa kusoma maneno haya. Amwone daktari kabla ya kushika mimba. Na mara nyingi, pamoja na yote hayo, sababu haionekani. Wanaofikiri kumwacha mke kwa jambo hili na wajue kwamba wazazi waliokwisha pata mtoto mmoja wa namna hii, mtoto wao afuataye ana hatari ya kiasi cha 2 hadi 5 tu katika kila 100.

Kimeo kisikatwe. Hakihusiki na kukonda kwake, na kisu cha mkata kimeo huleta kutoka damu na pepopunda. Zaidi ya hayo, nyama laini ya nyuma ya kaakaa ndiyo mpasuaji atakayoihitaji siku ya kulifunga pengo.

Ama kuungwa, huungwa, na vizuri sana. Tiba ya kinywa na taya kwa kisu si jambo geni kwa Waislamu. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki kama mwaka 1013, katika kitabu chake chenye sehemu 30, sehemu ya mwisho aliiweka kwa upasuaji, akachora vyombo kama 200, akaeleza kurudisha taya lililoteguka na kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu. Walatini walikifasiri katika karne ya 12 wakajifunza kwacho. Namna ya kuunga mdomo itumikayo sana leo ni ya daktari wa Kimarekani, Ralph Millard, aliyeibuni akiwa Korea baada ya vita, akaieleza Stockholm mwaka 1955: upande mmoja wa mdomo huzungushwa ushuke, na upande wa pili husogezwa ujaze nafasi ile, hata kovu likafuata mstari wa asili chini ya pua. Huku kwetu, mwaka 1957 wapasuaji watatu wa fani hii, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliianzisha AMREF ili kuwafikia kwa ndege wagonjwa walio mbali. Wazo lenyewe lilizaliwa chini ya Kilimanjaro. Leo wapasuaji wa kinywa, taya na uso husomeshwa Muhimbili na vijana wetu wenyewe ndio washikao kisu.

Kwa kupima utayari wa mtoto madaktari wana kanuni ya zamani ya kumi tatu: wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kama kilo 4 na nusu, na damu ya kiwango cha 10. Mtoto akikonda hapewi nusu kaputi, hurudishwa nyumbani. Ndiyo maana tumesema juu ya ile kadi. Mdomo huungwa kama katika mwezi wa tatu na kuendelea, kaakaa baadaye, kati ya miezi 9 na 18. Hodges alieleza mwaka 2010 watoto 106 wa chini ya miezi 10 aliowaunga vyote viwili kwa mara moja. Na hoja yake ni rahisi kuifahamu, kwani mama atokaye mbali, mdomo ukishaungwa na aibu ikiondoka, huenda asirudi kwa kaakaa.

Mtu wa Nguvumali aanze Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, aulize idara ya kinywa na meno, aandikiwe rufaa ikihitajiwa. Muhimbili na CCBRT ziko Dar es Salaam, KCMC iko Moshi. Njia zote mbili ni kama kilomita 350. Kabla ya kuuza shamba, uliza juu ya gharama: ziko jumuiya, kama Smile Train, ambazo hulipia upasuaji huu katika hospitali zinazoshirikiana nazo.

Neno moja kwa waalimu wa chuo. Kaakaa lisipofungwa kwa wakati, mtoto husemea puani. Mim na nun humtoka vizuri, kwa sababu herufi hizo hupita puani kwa asili yake. Lakini ba, ta, kaf na sin huvuja, kwa kuwa zahitaji pumzi iliyozuiwa ndani ya kinywa. Wenzake humcheka na mwalimu hudhani ni mvivu wa kurudia. Ukimwona wa namna hiyo, mwambie afumbue kinywa na ummulike kwa tochi. Pengine utaona tundu; pengine utaona kaakaa zima ila kimeo kimegawanyika pande mbili, na hiyo ni alama kwamba misuli iliyo chini ya ngozi haikuungana. Huyo naye mwandikie mzazi wake ampeleke Bombo, hata akiwa na miaka kumi. Akiisha kuungwa atahitaji mtu wa kumfundisha upya kutamka, na kazi hiyo mwalimu aweza kusaidia.