YADI YA RELI KISIWANI SI KIWANJA KITUPU

Mtu apitaye leo kando ya reli za zamani, kutoka Makupa kuelekea Shimanzi na Kilindini, aweza kudhani kuwa anatazama ardhi isiyo na mwenyewe. Hofu yetu ni kwamba hata wakubwa wanaohusika wataitazama kwa jicho hilo hilo, na siku moja wananchi wa kisiwa hiki wataamka wakute ua wa mabati umezungushwa, wasijue nani kapewa wala kwa haki gani. Kabla siku hiyo haijafika, twaona yafaa kukumbushana mambo.

Reli ilianza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Magati ya kina kirefu ya Kilindini yalipoanza kutumika mwaka 1926, stima ziliweza kupakuliwa moja kwa moja gatini badala ya kutegemea matishari, na shughuli za yadi zikazidi maradufu.

Wengi hudhani kuwa yadi ya mizigo ni mahali pa kuegesha mabehewa tu. Sivyo. Meli haiji kwa ratiba ya garimoshi, na shehena ya meli moja ina wenyewe wengi: ya Nairobi, ya Nakuru, ya Kampala. Ilibidi mabehewa yatenganishwe, yapimwe, yafungwe lakiri, kisha yaunganishwe upya kwa kufuata mahali yaendako, mchana na usiku. Kutoka bara zilikuja pamba ya Uganda, kahawa, chai na magadi. Kwenda bara zilipanda saruji, mashine, nguo na mafuta. Kuanzia mwaka 1955 zililetwa kutoka Manchester injini 34 za Garratt, kila moja ikiwa na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Injini moja ilikuwa na uzito wa tani 252, nayo iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli huko Nairobi, mji uliozaliwa na reli iliyoanzia kwetu.

Wala historia hiyo si ya vyuma peke yake. Januari 1947 makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, wa mahoteli na hata wa majumbani waligoma pamoja, watu wapatao 15,000, na mji ukasimama kwa siku 12. Wakidai ujira wa kumtosha mtu kuishi Mombasa, walimlazimisha mkoloni kuwasikiliza.

Yadi haikudhoofika kwa siku moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilikufa nayo. Mwaka 1978 bomba la mafuta la kwenda Nairobi likaichukua shehena iliyokuwa tegemeo la reli. Makontena yakaja, malori yakaongezeka, na mwaka 1984 bohari ya makontena ya Embakasi ikaanza kuchukua kazi iliyokuwa ikifanyika pwani. Hatimaye ikaja reli mpya: abiria mwaka 2017, mizigo Januari 2018. Stesheni yake iko Miritini, na makontena yake hupakiwa upande wa Kipevu na Port Reitz, ng'ambo ya Makupa. Kisiwa kikarukwa. Amri ya mwaka 2019 ya kupeleka mizigo Nairobi kwa reli hiyo iliwatoa watu wetu barabarani kwa maandamano, na ni Septemba 2022 tu ambapo Rais William Ruto aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Hatupingi reli mpya, wala hatudai injini za mvuke zirudi. Tunalotaka kujua ni hatima ya ardhi. Mfuko wa mafao ya wastaafu wa reli ulipoanzishwa mwaka 2006 ulikabidhiwa sehemu ya ardhi na majumba ya Shirika ili wazee walipwe pensheni zao. Kwa hiyo anayejimegea kipande cha ardhi ya reli kwa siri huenda anamnyang'anya mzee aliyevunja mgongo wake kwa kazi. Katiba ya mwaka 2010 nayo imeagiza wananchi washirikishwe katika mambo ya umma. Basi Shirika la Reli, Tume ya Taifa ya Ardhi na Serikali ya Kaunti zitangaze hadharani ramani ya ardhi yote ya reli kisiwani: ipi ni ya Shirika, ipi ni ya mfuko, ipi imekodishwa na kwa nani. Kibali chochote cha ujenzi kingoje hadi ramani hiyo ibandikwe mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Kadhalika, tunaomba bohari moja tu itengwe kuwa nyumba ya kumbukumbu, na kazi ya kukusanya habari ianze mara moja. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akiunganisha mabehewa mwaka 1977 sasa amekaribia umri wa miaka 70, na wenzake wengi wamekwisha kuzikwa.